Chemchemi Iliyoitwa Uongo

Walituita waongo siku ya Jumatano, mbele ya watu waliokusanyika kupokea mbegu za maharagwe, na aliyetuita hivyo alikuwa ameshika tableti iliyojaa michoro ya mikono yetu wenyewe.

"Akina mama wa Bihambwe," alisema Damien, akiinua tableti ile ili hata waliokuwa nyuma waione, "mumenichorea maji tano mahali pamoja. Maji tano! Kwani hapa kumekuwa ziwa?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo ninapoandika haya kicheko kile hakijanitoka masikioni.

Damien ni fundi wa ramani aliyetumwa kutoka Goma. Alifika kwetu Masisi baada ya sisi kurudi kutoka kwenye mahema ya wakimbizi ya upande wa Mubambiro, wakati mashamba yalikuwa bado yamefunikwa na magugu na wengi tulikuwa tunalala chini ya maturubai. Kampuni ya barabara ilikuwa inatafuta mteremko wa kuchimba kokoto ili kuziba mashimo ya njia ya malori. Mradi wa Damien ulikuwa na kazi moja: kuonyesha juu ya ramani mahali ambapo watu wanalima, wanapita na kuchota maji, ili mashine isichimbe hapo. Picha iliyopigwa kutoka angani, alitueleza, inaonyesha kilima lakini haijui nani anakunywa wapi. Kwa hiyo alikuja katika darasa letu la watu wazima, pale kwenye kanisa dogo, akasema kwamba sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ndio tutakaochora.

Alifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Alieleza kwamba mchoro unaouchora peke yako unabaki ndani ya mashine yako tu, wala jirani hauoni. Ili wote waone, ni lazima kwanza lianzishwe kundi la michoro ya pamoja, lipewe jina, kisha kila mtu aalikwe ndani yake kwa namba ya simu na apewe ruhusa. Kuna ruhusa ya kuona tu, ruhusa ya kuchora, na ruhusa ya kufuta. Juu ya wote yuko mwenye kundi, ambaye ndiye anayegawa ruhusa hizo.

"Mwenye kundi atakuwa mama Adelaïde," alisema, akaandika jina langu.

"Njo kusema nini, Papa Damien?" nilimwuliza maana yake.

"Ah, ni mambo ya projet. Wanataka mama wa kijiji. Usijali."

Lakini mimi nilijali. Nilimwomba anionyeshe ruhusa zinapogawiwa, akanionyesha haraka haraka huku akiangalia saa, nami nikajifunza. Alijiandika yeye mwenyewe kwenye ruhusa ya kufuta. Sisi sote akatupa ruhusa ya kuchora, na kila mmoja rangi yake.

"Nyekundu ni yangu," alisema Bibiche, jirani yangu, ambaye hawezi kukaa kimya hata ibadani. "Mwenye kuigusa, tutapigana mbele ya Mungu."

Tulichora kila mmoja kwa zamu yake. Damien alikataza kuangalia mchoro wa mwenzako, ili tusinakiliane. Na hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya hata angetaka.

Juu ya nyumba yetu, chini ya mwamba, kuna chemchemi. Wanaume na watoto wanaiita kwa jina la baba mkwe wangu, marehemu, kwa sababu ndiye aliyeisafisha, akaipangia mawe na kuiwekea mfereji wa mti. Alikuwa mkubwa wa ukoo wote wa kilima kile. Sisi wanawake wa darasa, bila kubakiza hata mmoja, tuliolewa pale, na wana na wapwa wa mzee huyo. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki akiwa na hasira, halitamki akiwa mgonjwa, wala haliandiki. Si woga. Ni heshima aliyoingia nayo mlangoni siku ya harusi, na anayeivunja anamvua nguo mume wake hadharani. Basi kila mke hutafuta njia yake ya kuzunguka. Mimi husema Kwa Mzee wa Juu. Bibiche husema Kwa Mkubwa. Mama Kétsia husema Maji ya Papa. Nyumbani tunaelewana bila taabu, maana tunakutana pale kila asubuhi na ndoo zetu.

Juu ya ramani hatukukutana. Kila mmoja alichora duara la buluu na kuandika chini yake neno lake la heshima, na Damien alipounganisha michoro, chemchemi moja ikawa chemchemi tano zilizolaliana.

"Vijiji vingine vimefanya hivi hivi," aliendelea siku ile ya Jumatano. "Wanachora maji ya uongo ili waletewe bomba mingi. Mimi nilitaka kuwaamini ninyi. Nikawaomba watu wa barabara waulizie. Wakauliza vijana pale njiani: Kwa Mkubwa ni wapi? Kwa Mzee wa Juu ni wapi? Hakuna muntu anajua! Hata moja! Basi nimefuta yote."

"Umefuta nini?" niliuliza.

"Yote tano."

"Na sasa juu ya ramani pale kuna nini?"

Aligeuza tableti akanionyesha. Palikuwa na mwamba, na majani, na kando yake mstari wa rangi ya chungwa ambao watu wa barabara walikuwa wameuchora kuonyesha watakapoanza kuchimba. Mstari ule ulipita juu kabisa ya maji yetu. Ramani ingefungwa Jumamosi.

"Papa Damien," nilisema, "hiyo ni maji moja. Sisi ni wakwe. Kila muntu ameiita vile anaweza kuiita."

"Basi sema jina yake ya kweli, niandike."

Nikatikisa kichwa.

"Unaona?" Aliwageukia watu. "Ramani haina baba mukwe, mama. Hizo ni mambo za wakati wa bibi zetu."

Niliondoka pale bila kuchukua mbegu zangu. Bibiche ndiye aliyenibebea.

Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Straton, mdogo wa mume wangu, kwa kuwa yeye alikuwa mmoja wa vijana waliokaa njiani siku watu wa barabara walipouliza. Mume wangu, Jean-Claude, hufuata kazi za malori upande wa Walikale; hakuwepo, wala simu yake haikushika. Nilimkuta Straton akinoa panga, mkia wa pikipiki ya rafiki yake ukiwa kiti chake.

"Shemeji, waliuliza habari ya maji, ukasema haujue?"

"Waliniuliza Kwa Mkubwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi sijue Kwa Mkubwa. Hiyo ni maneno ya wanawake."

"Ulioga maji ile asubuhi ya leo."

"Niliogea kwa baba yangu." Naye akalitaja jina kwa sauti, taratibu, akiniangalia usoni, jinsi mtoto anavyomwonyesha mwenzake andazi asilotaka kumgawia. "Hawakuniuliza hiyo. Wangeniuliza hiyo, ningesema."

"Waambie basi. Leo."

"Waambie ninyi, si munajua kuandika?" Akaacha kunoa. "Dada, kampuni inatafuta vijana ya kuvunja mawe. Itachukua watu wa hapa hapa. Unataka wakachimbe kwa kilima ya wengine, sisi tukae kuangalia?"

Sikuwahi kusikia jambo la kunichukiza namna ile kutoka kinywani mwa mtu niliyempikia. Alikuwa ameificha chemchemi ya baba yake nyuma ya heshima yangu. Ulimi wangu uliofungwa kwa ajili ya ukoo wake ndio aliogeuza kuwa mlango wa mashine. Nilimwambia hivyo. Akasema jua limenipiga kichwani.

Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Mama Jean-Claude, alikuwa anachambua maharagwe mbele ya nyumba. Hajui kusoma. Nilimweleza yote, duara baada ya duara, hadi mstari wa rangi ya chungwa. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutupa mawe madogo pembeni.

"Mashine ikichimba pale, tutachota wapi?" aliuliza.

"Mutoni, Mama. Chini ya barabara."

Aliangalia magoti yake, kisha njia ya kushuka. "Magoti hii haitafika."

"Niandike mimi, Mama? Uniruhusu mara moja tu?"

"Hapana." Alisema bila ukali. "Siku utaandika wewe, kesho wakwe wote wataita mababu kama wanaita mbuzi. Jina iko na wenyewe. Kilima hii ilizaa mabinti pia. Brigitte iko wapi?"

Brigitte ni wifi yangu, dada ya mume wangu. Aliolewa na Katembo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka na malori huko Mubi, ndani ya Walikale. Mtoto wa kike hutaja jina la baba yake apendavyo. Na kundi la michoro, nilikumbuka, halijali mtu amekaa kilima gani. Linajali ameingizwa au la.

Tableti ya darasa hulala kabatini kanisani. Niliitoa, nikapanda hadi pale mgongoni mwa kilima ambapo mtandao hushika, nikafungua kundi. Jina langu lilikuwa bado juu kabisa: mwenye kundi. Nikaandika namba ya Brigitte, nikampa ruhusa ya kuchora na rangi ya zambarau, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaka. Kisha nikampigia simu.

Nyuma ya sauti yake nilisikia pikipiki, na mtu akigombana juu ya magunia.

"Wifi! Iko nini tena? Mama iko muzima?"

Nilimweleza.

"Adelaïde," alisema, "unajua lori ya bwana yangu imelala mu matope tangu juma ingine? Samaki ya watu imeoza ndani. Hapa Mubi kila muntu analia barabara, barabara. Na mimi njo niandike neno ya kuzuia mawe?"

"Haizuie mawe. Mawe iko kila upande wa kilima. Inazuia kuchimba hapo tu."

"Wewe ni enjenia sasa?"

"Mimi ni muntu anachota maji pale. Na mama yako anachota pale. Wakichimba, mama yako atashuka mutoni na ndoo, kwa barabara ile ile lori za bwana yako zinapita. Chagua utasema nini siku atateleza."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, lakini sikuomba radhi. Brigitte alimwita mumewe. Nilisikia Katembo akiuliza ni nini, nikamsikia Brigitte akieleza kwa Kinande, lugha ya kina mumewe, kisha kicheko kifupi cha mwanamume.

"Anasema nini?"

"Anasema kokoto haina kabila, wachimbe mahali pengine, bora waharakishe." Akavuta pumzi. "Baba alinibeba mabegani kwenda kuweka ule mufereji. Ngoja, nimefungua ule mualiko. Hii alama ya mukono wa kuandika, ninaibonyeza?"

"Ibonyeze. Kisha chora duara, usiinue kidole."

Katika tableti yangu, juu ya mwamba, duara la zambarau lilijichora lenyewe polepole, likitetemeka, kutoka Mubi. Chini yake likatokea jina, herufi baada ya herufi. Jina lenyewe sitaliandika hapa pia. Nitasema tu kwamba nililisoma lote, na lilikuwa halina kosa.

Jumamosi ramani ilimulikwa kanisani juu ya shuka jeupe, kwa umeme wa jenereta. Darasa letu lilikaa mbele. Mhandisi wa kampuni ya barabara alikuwa amekuja mwenyewe, mtu mzima mwenye sauti ya chini ambaye watu walimwita Papa Samy. Damien alisogeza ramani hadi kwenye mwamba wetu, akasimama.

"Hii zambarau ni ya nani?"

"Ni ya binti wa kilima hii," nilisema. "Mimi nimemualika."

"Anaishi wapi?"

"Mubi."

"Muntu wa Walikale anaandika maji ya Masisi!" Aligeukia Papa Samy kama mtu anayeomba ushahidi. "Shefu, hii kundi imeharibika. Nitafuta."

"Usifute kwanza," alisema Papa Samy. "Mama mwenye kundi anaithibitisha? Basi asome, tusikie. Asome yote ya upande huu."

Nilisimama. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetia kidole gumba kwenye wino kila nilipohitajiwa kusema ndiyo, na sasa nilikuwa ninaombwa kusoma mbele ya watu. Nilisoma kwa sauti iliyofika mlangoni. Nilisoma Njia ya Kanisa, nikasoma Shamba la Mama Kétsia, Daraja la Miti, Makaburi ya Juu, Shamba Lililolazwa. Kisha macho yangu yakafika kwenye jina la zambarau, na kinywa changu kikafungika.

Jenereta iliunguruma. Damien alingoja.

"Endelea, mama."

"Shule yote ile," alisema Straton kutoka nyuma, "neno moja inamushinda!"

Kicheko kilikuwa kilekile cha Jumatano, na safari hii kilinigusa mahali pabaya zaidi. Neno waongo nilikuwa nimelimeza. Kwamba sijui kusoma, hilo sikuweza kulimeza. Nilikwenda hadi mezani, nikachukua tableti kutoka mikononi mwa Damien bila kumwomba, nikabonyeza duara la zambarau, nikafungua mahali pa maelezo, na kuanza kuandika kwa kidole kimoja. Kila herufi niliyoigusa ilitokea kubwa juu ya shuka, na watu walianza kuifuata kwa midomo yao:

*Jina hili ninalisoma. Silitamki kwa sababu ni la baba mkwe wangu. Maji ni moja tu na yako hapa.*

Bibiche aliinuka, akaninyang'anya tableti. "Lete hapa." Akaandika chini yangu kwa rangi yake nyekundu: *Mimi ninaita Kwa Mkubwa. Ni haya haya.* Mama Kétsia akamfuata na Maji ya Papa, na wengine nyuma yake, wakipeana tableti kama sahani ya chakula, mpaka majina yote aliyoyafuta Damien yakarudi, sasa yakiwa yamening'inia chini ya duara moja.

Papa Samy aliyasoma yote hadi mwisho. "Ninaelewa," alisema. "Lakini nilituma watu wakaulize, na wanaume wa hapa walisema hawajui maji pale. Mwanamume mmoja aniambie sasa."

Kila mwanamume alikuwa anaangalia viatu vya mwenzake.

Ndipo Mama Jean-Claude aliposimama, akijishikilia kwenye benchi.

"Straton."

"Mama."

"Wewe si mukwe. Wewe ni mutoto. Taja jina ya baba yako mbele ya watu, na useme alifanya nini pale."

"Mama, hii ni mambo ya—"

"Ao hauna baba?"

Hata Bibiche hakucheka. Straton alikaa kwa muda kama mtu aliyeketi juu ya siafu na hataki ijulikane. Kisha akalitaja jina. Mama yake akamwambia arudie, kwa kuwa jenereta ilikuwa inapiga kelele, naye akarudia, akaongeza kwamba baba yake alipanga mawe na kuweka mfereji.

"Kumbe ni hapo!" alisema Papa Samy. "Hiyo ninaijua kwa kusikia tu. Vijana wangu wanaitaja kila siku, wanakwenda kujaza madumu." Akachukua tableti, akaufuta mstari wake wa rangi ya chungwa, akauchora upya upande wa pili wa mwamba, ng'ambo ya korongo. "Mawe ya hapa pia ni mazuri. Vijana wanaotaka kazi watavuka."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha habari ya mashine. Straton alivuka korongo kwenda kuvunja mawe, na hadi sasa anaogea kwa baba yake kila asubuhi kabla ya kwenda.

Lakini Damien alinikuta nikirudisha tableti kabatini. Nilidhani amekuja kuondoa lile neno lake la Jumatano. Nilimpa nafasi. Hata mlango wa kabati niliuacha wazi.

"Mungesema tangu mwanzo, Mama Adelaïde," alisema, akitabasamu. "Mungeniokolea kazi."

"Haukuuliza," nilimjibu. "Ulifuta."

Alicheka, akanipiga bega kidogo, akaenda kutafuta pikipiki ya kumshusha hadi mji wa Sake. Neno lile hakuliondoa. Bado liko pale lilipoanguka, mbele ya watu wote wa mbegu.

Nilitoa tena tableti, nikapanda mgongoni mwa kilima. Nilifungua kundi, nikatafuta jina lake kati ya majina yetu, nikabonyeza pale alipokuwa amenionyesha yeye mwenyewe huku akiangalia saa. Bibiche alikuwa amenifuata na ndoo yake kichwani.

"Unamutoa?"

"Simutoe. Ni fundi, anahitaji kuona." Nikamwonyesha. "Anaweza kuona. Kufuta, hapana."

Bibiche alisoma mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, ili awe na hakika. Kisha tukashuka kuchota maji.